Karanga Juu ya Kamusi

Flavia alikuwa akifua uani kwake, Chemchem, mjini Tabora, Mwanne alipobisha hodi. Mkononi alishika kamusi aliyoazimwa mwezi uliopita, na juu yake fungu la karanga lililofungwa kwa leso.

“Shikamoo, dada Mwanne.”

“Marahaba, mwalimu. Nimekurudishia kamusi yako. Mie basi, nimeshindwa.”

Flavia akaiacha nguo ndani ya beseni. Saa sita mchana siku hiyo orodha ya watakaofanya Mtihani wa Maarifa, unaowafungulia wasiosoma sekondari njia ya mtihani wa kidato cha nne, ingefungwa, na katika darasa lake lote la watu wazima hakuna aliyeutaka mtihani ule kama Mwanne. Aliishia darasa la saba; sasa ana miaka thelathini na tisa na anataka kusomea ukunga. Lakini jana, mbele ya wenzake, alichanganya maneno ya Kiingereza borrow na lend, na Yahaya, mmoja wao, fundi cherehani, akaangua kicheko: “Jamani, mama kamwazima mwalimu kalamu ya mwalimu mwenyewe!”

“Yahaya mdomo wake hauna breki,” Flavia alisema.

“Kasema kweli. Kwetu mimi naazima, na wewe waniazima. Neno moja. Wazungu wamelipasua la nini?”

Kila alichojua Flavia alikwishakiandika ubaoni jana. Akazitazama karanga. “Na hizi?”

“Ala! Kitu cha watu nikirudishe kikavu? Marehemu mama angenishangaa.”

“Na mimi niliyekuazima, nilitakiwa kukuletea karanga?”

Mwanne alicheka. “Wewe ulete za nini? Aliyekwenda kuomba ndiye hurudi na chochote.”

“Basi huyo mwenye karanga, yeye ni borrow. Aliyekaa kwake akatoa, huyo lend.”

Mwanne aliigusa leso ya karanga. Midomo ikacheza bila sauti. Kisha akasema taratibu, kama anayekanyaga daraja la magogo: “I borrow from Flavia.” Akamnyooshea kidole. “Flavia lend… lends to me.”

“Hivyo hivyo!”

“Kumbe! Nimelijua tangu utotoni, sikuambiwa tu.”

Flavia alifuta povu mikononi. “Saa nne na nusu hii. Tukikata kupitia sokoni tunawahi kujiandikisha.”

“Na Yahaya akinicheka tena?”

“Atakucheka. Maneno bado mengi, na utakosea mengine.”

Mwanne akamkabidhi karanga, akaibana kamusi kwapani, akafunga mtandio vizuri.

“Nguo utasuuza ukirudi, mwalimu. Twende.”