Damu Iliyowekwa Kwenye Friji

Lea aliingia maabara na kuku mtetea kwapani, amemfunga miguu kwa kipande cha kanga. Alitoka Ilongero kwa bodaboda, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, lakini alikuwa anacheka.

"Dada Evodia, huyu wako. Wiki ya saba hii nalala usingizi, tangu uniambie sina lupasi."

Evodia alimpokea kuku kwa mikono miwili, na kichwa kikamvimba kidogo. Mashine kubwa za kupima lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, hazikuwahi kufika hospitali yao ndogo, basi yeye alifufua njia ya zamani aliyofundishwa chuoni. Unatikisa damu pamoja na vishanga vya kioo, unaiacha saa mbili kwenye maji yenye joto la mwili, kisha unaitazama kwa hadubini. Kwa mwenye lupasi, seli nyeupe, ambazo kazi yake ni kula vijidudu, huenda ukazikuta zimemeza viini vya wenzao. Za Lea hazikuwa zimemeza kitu. Evodia aliandika "hasi" kwa raha zake zote.

Mzee Amosi, mtunza chanjo, akatokea chumba cha pili.

"Shikamoo, baba," Lea akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umenawiri! Damu yako ile niliiokoa mimi. Huyu dada yako kaenda kunywa chai, kaiacha kwenye maji ya moto! Nikaitia kwenye friji. Nilipomsikia anarudi, nikairudisha kimyakimya, nisimwaibishe."

Miaka kumi na minane mzee huyu hakuharibu chanjo hata moja. Kwake joto ndilo adui, na aliyasema hayo kwa fahari.

Evodia alimweka kuku sakafuni. Seli zilizopigwa baridi hazili, awe mgonjwa au mzima. Alitaka kumfokea mzee, ila akajizuia, kwa kuwa hakuwahi kumweleza hata siku moja kwa nini damu ile ilitaka joto. Angeweza kunyamaza. Lea angerudi kwao anacheka, na figo zake zingeendelea kuliwa taratibu. Aliona aibu kwamba wazo lenyewe lilimpitia.

"Keti, mdogo wangu. Jibu nililokupa halikuwa jibu. Nipe damu nyingine."

Safari hii hakuna aliyekwenda kunywa chai. Mzee Amosi alisimama kando ya maji yale saa mbili nzima, mikono nyuma.

Evodia alitazama kwanza. Kisha akampisha Lea kwenye hadubini.

"Naona moja kubwa, imevimba tumbo."

"Imemeza kiini cha mwenzake."

"Kwa hiyo ninao."

"Unao. Nisamehe, Lea. Dawa zipo, daktari atakuanzishia leo hii. Ila lile alilokuambia mwanzoni, la kutobeba mimba mpaka ugonjwa utulie, ulishike sana."

Lea hakuinua jicho. Kuku alijipigapiga sakafuni, akatulia.

"Siku ile uliponipa jibu, nilitupa vidonge vya kuzuia mimba chooni," alisema. "Mwezi huu sijaziona siku zangu, dada. Huyo kuku nilimleta kwa mambo mawili."