Ekseli za Marehemu Lebusa

Tangu asubuhi 'Mapulane alikuwa amesimama nje ya seng'enge, barafu ya usiku ikiyeyuka chini ya viatu vyake. Ndani ya gereji Landkruza yake ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo, haina magurudumu. Ekseli mpya zilishafungwa, ya mbele na ya nyuma, zimepakwa rangi nyeusi. Mpya kwa maneno ya Phakoe mwenye gereji. Zilitolewa kwenye gari lililopinduka upande wa Afrika Kusini.

"Usivuke hapo, mama!" Phakoe alimfokea kila alipoligusa geti. "Nguo hiyo ikiingia humu jeki inateleza. Unataka kuniulia mafundi?"

Nguo yenyewe ni gauni jeusi na shuka jeusi la ujane. Mpaka ndugu za mume wamvue kwa mikono yao, hapeani mkono na mtu, hakai mbele, na hapaazi sauti mbele ya wanaume. Haya yote 'Mapulane aliyashika. Lakini mumewe Lebusa alipokuwa kitandani, vumbi la migodi ya dhahabu limemjaa mapafuni, nani aliyeshika usukani? Ni yeye huyuhuyu, akipandisha mlima na abiria, magunia ya unga na wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Watoto wake wawili walikula kwa gari hilo.

Fidia ya mapafu kutoka migodini ilifika Lebusa akiwa ameshazikwa. Wakati huo ekseli ya mbele ilikuwa ikinguruma kila kona na ya nyuma ikivuja mafuta, na kwa njia ile ya mlimani ekseli ikikatika hamna wa kuzikwa, mnaokotwa vipande. 'Mapulane akazipeleka pesa zote kwa Phakoe: maloti elfu ishirini na mbili, ekseli mbili pamoja na kazi. Phakoe alizitia mfukoni akisema wamemalizana.

Leo alikuja getini akijifuta grisi.

"Bado elfu kumi na sita."

"Za nini tena, Ntate Phakoe?" 'Mapulane aliuliza, akimwita baba kwa heshima. "Si tulimalizana?"

"Tulimalizana ekseli. Hizi ni pana kuliko zako, vishikio vya springi nimechomelea upya. Breki nimebadilisha. Gari limelala kwangu wiki tatu. Halafu kuna kondoo."

"Kondoo gani?"

"Wa kuchinja, kuisafisha gereji na mkosi. Wateja wanakuona hapo getini kila siku na weusi wako. Nani ataniletea gari?"

'Mapulane alicheka kwa hasira. "Ndani hunitaki, na nje unanilipisha kwa kusimama?"

"Mimi sibishani na mjane. Niletee mwanamume wa kwenu tuongee."

Hapo ndipo 'Mapulane alipokosea. Alimtumia salamu Sekhobe, mdogo wake Lebusa, yule ambaye hakuja hata siku moja kumwinua kaka yake anywe maji. Alijua ni mvivu, alijua ana maneno mengi. Lakini mjane husemewa, ndivyo alivyolelewa, na alijiambia kwamba damu ni damu. Sekhobe atamkaripia Phakoe na Phakoe atanywea.

Sekhobe alifika na blanketi lake begani, akampita shemeji yake bila kumtazama. Geti lilifunguliwa kwake mara moja. Kupitia seng'enge 'Mapulane aliwaona wamechuchumaa kando ya gari wakipokezana sigara moja. Wakacheka. Phakoe alitoa kadi ya gari, ile yenye jina la Lebusa, akaiweka juu ya boneti pamoja na karatasi nyingine, na Sekhobe akainama kutia sahihi.

"Nimekuokoa, shemeji," alisema alipotoka.

"Amepunguza?"

"Hajapunguza. Amekubali nimlipe polepole."

"Umlipe wewe? Kwa pesa gani?"

"Kwa nauli. Gari nitaendesha mimi. Phakoe hawezi kumkopesha mtu ambaye jina lake haliko popote. Jina la kaka likianguka naliokota mimi. Hata chifu anajua."

"Ekseli zile ni mapafu ya kaka yako!" Alipiga kelele mpaka mafundi wakaacha kugonga. "Alitema damu mpaka ikapatikana hiyo pesa! Wewe ulikuwa wapi, Sekhobe?"

"Shusha sauti. Unajiaibisha na nguo ya kaka mwilini. Tukishakuvua, tutaongea."

"Mtanivua lini?"

"Ukoo utaamua."

Alasiri Landkruza ilitoka. Hakukuwa na gari jingine la kupanda mlima siku ile, na watoto walikuwa peke yao nyumbani. 'Mapulane alipanda nyuma, akabanwa kati ya magunia. Wanawake walivuta sketi zao zisigusane na shuka lake. Gari lilipanda vizuri sana, halikunguruma hata kwenye mawe.

Kabla ya kona za juu Sekhobe alisimama, akazunguka nyuma kukusanya pesa. Alipokea kwa kila mtu, akafika kwake, akanyoosha mkono.

"Nauli, shemeji."

Alidhani ni utani. Mkono haukuondoka.

"Nauli ya gari langu?"

"La Phakoe hili, mpaka deni liishe. Mimi mwenyewe nafanya kazi tu. Usinitie matatani."

"Sina hata senti. Unajua sina."

"Basi teremka. Si mbali."

Upepo wa theluji ulikuwa umeanza kuvuma. Watu walianza kusonya.

"Lipa, mama, twende! Tutakufa baridi."

"Kama hana ashuke, jamani, tuna watoto hapa!"

Huyu wa pili alikuwa Nthofela, mtoto wake mgongoni ndani ya blanketi. Mtoto huyo alizaliwa ndani ya gari hilihili, mlima huuhuu, usukani ukiwa mikononi mwa 'Mapulane, na mama mtu hakudaiwa nauli.

'Mapulane alimtazama. Nthofela alilivuta blanketi akamfunika mtoto uso. Injini ilikuwa ikinguruma taratibu, mkono wa Sekhobe bado umenyooshwa, na gari zima likimngoja yeye ashuke.