Jina Lililoitwa Uwanjani

Riikka hakuwa na mke mwenza. Alikuwa na Lonnie.

Na kabla ya Lonnie kulikuwa na Dewey, na Terrence mwenye viganja kama makoleo, na wale mapacha ambao hata kocha wao hakuwahi kuwatofautisha. Wake wenza hao wote walikuwa wanaume wenye mabega kama makabati. Waliishi Ohio, ng'ambo ya bahari, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anaonewa wivu na mwanamke wa Harjula, mji mdogo wa Ufini wenye ziwa, kiwanda cha mbao na timu ya futiboli ya Kimarekani.

Timu hiyo iliitwa Kunguru, na kocha wake alikuwa mume wa Riikka, Wendell Tribbett. Alikuja kutoka Ohio kwa msimu mmoja tu, kujaribu. Akakuta wachezaji wanaolipa ada wenyewe ili waumizwe: tarishi wa posta, muuguzi, mafundi bomba wawili, mwalimu wa muziki. Akamkuta na Riikka nyuma ya jukwaa, anauza soseji. Msimu mmoja ukazaa mingine, na huu sasa ulikuwa wa tano.

Makocha wengine huipa michoro yao namba. Wendell hakutaka namba. Kila mchoro, yaani kila mpango wa nani akimbilie wapi mpira ukianza, aliupa jina la kijana wake wa zamani aliyeucheza vizuri kuliko wote. Akisimama kando ya uwanja akapaza sauti, "Dewey!", fundi bomba wa Harjula alijua pa kukimbilia. Akiita "Terrence!", mwalimu wa muziki aliruka na kuudaka mpira, au alijitahidi. Wapinzani walisikia, lakini wangejuaje maana yake? Na palipobaki yadi tatu, zile za kufa na kupona, jina lilikuwa moja. "Lonnie!" Watu wote kushoto, mpira kushoto, kichwa chini, songa.

Riikka alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa kiangazi. Akadhani sasa ndani ya nyumba kutakuwa na mtu mmoja asiyefananishwa na mtu. Wapi! Wendell alimbeba mtoto, akamgeuza nyayo juu.

"Ona miguu hii! Miguu ya Lonnie mtupu!"

Mtoto akipiga miayo, huyo Dewey kabla ya mechi. Akikamata kidole asikiachie, huyo Terrence.

"Mwanangu hana kiungo ambacho hakikuwa na mwenyewe Ohio," Riikka alimlalamikia mama yake, Bi Tuulikki.

"Shukuru hajasema ana ndevu za mtu," mama alijibu. "Haya, niambie jina lake."

"Mama!"

"Herufi ya kwanza tu, mwanangu. Nidarizi kitambaa cha ubatizo. Unataka nianze Jumapili yenyewe, mchungaji ananisubiri mlangoni?"

"Hupati."

Kwao jina la mtoto halitamkwi mpaka siku ya ubatizo. Wazazi hulijua wawili peke yao, na ukoo mzima hubaki kubahatisha, kubembeleza, kuhonga kwa keki. Kabla ya hapo mtoto huitwa lolote. Huyu aliitwa Kiharage. Jina la kweli walilichagua hospitalini, Riikka akilinong'ona na Wendell akilirudia kwa taabu, ulimi ukimgonga meno. Tangu siku ile Riikka hakumsikia akilitamka tena. Kuna nyakati alijiuliza kama bado analikumbuka. Majina ya Ohio aliyakumbuka yote, na namba za jezi zao juu yake.

Basi wiki ya ubatizo ikafika, na nani akashuka kwenye treni? Lonnie mwenyewe.

Lonnie Crenshaw hakuwa tena kijana wa kwenye hadithi. Upara ulikuwa umeanza kumnyemelea, goti moja halikunjiki vizuri, na mkononi alishika jozi ya viatu vya mtoto vidogo kama maganda ya karanga. Riikka alikuwa amejiandaa kumchukia, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba mtu huyo hachukiki. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliosha vyombo. Alikwenda kumchungulia Kiharage kwenye kigari chake barazani, akarudi macho yamemtoka.

"Mama, mmemsahau mtoto nje! Kuna baridi!"

"Hajasahauliwa, amelala. Watoto hulala vizuri nje."

"Kwetu majirani wangeshapiga simu polisi."

"Huku wangepiga simu kama angelala ndani," Riikka akamjibu, na wote wakacheka, naye akajilaumu kwa kucheka.

Ila jioni, chakula kikishawekwa mezani, alikuwa kama hayupo. Wanaume wale wawili walichukua kichupa cha chumvi, haradali na vikombe, wakavipanga kama wachezaji, wakaanza kucheza upya mechi ambayo ilishachezwa wakati yeye Riikka bado anasoma sekondari.

"Hapa ndipo uliponiita, Kocha. Mvua inanyesha, yadi tatu."

"Na wewe ukaniangalia kwa jicho lile."

"Niliogopa, Kocha! Lilikuwa jicho la woga!"

"Miaka yote hii nikadhani ni ujasiri!"

Wakacheka mpaka machozi. Mumewe alikuwa na sura ambayo Riikka hakuwahi kuiona akitazamwa nayo yeye, uso umefunguka wote kama dirisha la kiangazi.

"Naomba chumvi," alisema.

"Subiri kidogo, mpenzi. Chumvi ndiye Terrence."

"Basi mwambie Terrence supu haina ladha."

Lonnie ndiye aliyecheka kuliko wote. Akampitishia chumvi kwa mikono miwili. Kisha akajikohoza, akamgeukia mwalimu wake.

"Kocha, sikuja kwa ajili ya ubatizo tu. Unajua timu ya shule yetu sasa naifundisha mimi. Nahitaji mtu wa kuongoza mashambulizi. Kiti ni chako, na ukisema ndiyo, Januari unaanza. Rudi nyumbani, Kocha."

Riikka alikuwa ameshainuka mezani, amesimama kwenye beseni la vyombo. Aliacha maji yatiririke. Alingoja mumewe aseme walau "tutashauriana", walau "mke wangu".

Wendell alizungusha kikombe mezani. "Nitakujibu baada ya mechi ya Jumamosi," alisema.

Mgeni alipokwenda kulala, Riikka alimuuliza polepole, "Nyumbani ni wapi, Wendell?"

"Nipe mpaka Jumamosi."

"Una michoro kama mchanga, na kila mmoja una jina la mtu. Siku hata moja hukuwaza kumpa jina mtu anayekufulia hizo soksi?"

Akacheka. Alidhani ni utani, akambusu kwenye paji la uso, akaenda kuzima taa. Kicheko hicho ndicho kilichomkata maini Riikka. Alilala amempa mgongo, anayahesabu majina ya watu wa Ohio mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu nzi chumbani.

Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho wa msimu. Kwa kawaida Riikka angekuwa kwenye jiko la soseji. Ndiko alikokuwa misimu yote. Dakika za mwisho ndizo za kugeuza soseji kwa wingi, maana watu hutoka na njaa, kwa hiyo mwisho wa mechi aliujua kwa kelele tu. Safari hii wanawake wenzake walimfukuza.

"Toka hapa kwenye moshi! Mtoto mchanga huyo, si soseji!"

Akakaa jukwaani, Kiharage kifuani ndani ya koti, mama yake kushoto na kikombe cha kahawa, Lonnie kulia. Kila Lonnie akiitwa uwanjani, Lonnie aliyekaa alimpiga kiwiko. "Umesikia, mama? Mimi huyo!" Riikka alitabasamu kwa meno tu.

Dakika zikaenda. Kunguru walikuwa nyuma kwa pointi mbili. Mpira ulikuwa wao, jaribio la mwisho, na mbele zimebaki yadi tatu. Wakizipata, watasogea na kupiga mpira kwa mguu katikati ya nguzo, washinde. Wakizikosa, msimu umekwisha.

Lonnie akasimama, goti likalia. "Yadi tatu! Mchoro huu nimeuzaa mimi, mama. Angalia sasa."

Hakuna asiyejua. Hata Bi Tuulikki, aliyekuja kwa ajili ya kahawa na mikate ya mdalasini, alijua: yadi tatu, Lonnie. Riikka akamkumbatia mtoto wake. Ndiyo basi, aliwaza. Jibu lenyewe hili hapa. Kila akibanwa, anawakimbilia wao.

Kule uwanjani tarishi, ambaye ndiye mrusha mpira, aligeuka kumtazama kocha. Wendell akaweka viganja mdomoni.

"Helka!"

Riikka akaacha kupumua.

"Helka! Helka!" Wendell alirudia, sauti yake yote, na ulimi haukugonga jino hata mara moja.

"Nani?" akauliza Lonnie.

Tarishi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelizoea jina hilo siku nyingi. Mpira ukaanza. Wachezaji wote wakavamia kushoto, na wapinzani, ambao miaka yote wamechomwa na kushoto kule, wakavamia nao. Muuguzi akaupokea mpira kimyakimya, akauficha tumboni, akaenda kulia peke yake. Hata hakukimbia sana. Alinyata kama mtu anayetoka chumbani mtoto akiwa ndiyo kwanza amelala. Walipomshtukia, wakamwangusha, marefa wakaleta mnyororo wa kupimia, na yadi tatu zikapatikana, na nusu kiganja juu yake.

Jukwaa likalipuka. Bi Tuulikki peke yake hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, taratibu.

"Helka," alisema. "Hilo ni jina la mama yangu."

"Mama, hujasikia kitu."

"Nimesikia mimi, umesikia mji mzima, limesikia na ziwa!" Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anamshika mjukuu kichwani kupitia koti. "Helka wangu! Na herufi yenyewe mistari mitatu tu. Naidarizi leo leo."

Lonnie alikuwa ameketi. Alikuwa akijipapasa upara.

"Mchoro huo ni mpya?" aliuliza.

"Mimi ndiye wa kuulizwa mambo ya michoro?"

"Ni mpya. Kaujenga juu ya wangu. Katumia wangu kuwadanganya. Unajua, mama, alitufundisha mwenyewe. Mchoro mpya hauletwi mwisho wa msimu, ila kama unataka vijana walale nao majira yote ya baridi, waamke nao msimu ujao. Mtu anayefunga mizigo hapandi mbegu. Nimeshajibiwa."

Alisema hayo akimtazama kocha wake kule mbali, na Riikka akaiona sura hiyo. Aliijua vizuri. Wiki nzima alikuwa ameiona kwenye kioo cha bafuni: ya mtu aliyedhani nafasi ile ni yake, akakuta imekaliwa. Wivu wake mwenyewe, umevaa upara. Hasira aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya mtu huyu akaitafuta, asiione.

Akafungua koti, akamtoa mtoto, akampakatisha Lonnie.

"Mshike kidogo," alisema. "Kwanza miguu ni yako."

Mpira wa mwisho aliupiga mwalimu wa muziki, ukapita nje ya nguzo kwa upana wa mlango. Kunguru wakafungwa, kama kawaida yao.

Wendell alikuja akikimbia, jasho na majani mwili mzima, uso umemshuka.

"Riikka, nililisema kwa sauti?"

"Watu wa ng'ambo ya ziwa wanakutumia salamu."

"Nilisahau kuwa ni siri. Nimezoea kulisema mazoezini, tangu wiki aliyozaliwa."

"Timu nzima inalijua jina la mwanangu?"

"Waliapa!"

"Hata mafundi bomba? Mama yangu mzazi hajui, mafundi bomba wanajua!" Wivu ukataka kuinuka tena, nao ukakuta mwenye nyumba amechoka. Alimtazama Lonnie, aliyekuwa akimwonyesha Bi Tuulikki vidole vya miguu vya mtoto. Akashusha sauti. "Mpigie magoti rafiki yako, umjibu vizuri. Ameshajua, ila mjibu."

"Nitamjibu sasa hivi."

"Na mimi je?" alimuuliza kabla hajaondoka. Hakutaka kuuliza, lilimponyoka. "Mtoto ana mchoro wake. Lonnie ana mchoro wake. Hata yule mwenye makoleo anao."

Wendell akamwangalia kama mtu anayeulizwa kama ziwa lina maji. "Wako ndio wa kwanza kuuchora nilipofika hapa."

"Muongo. Mbona sijawahi kuusikia?"

"Huitwa tukiwa mbele na saa inaishia. Mrusha mpira anaupokea, anapiga goti, anaukumbatia. Hakuna kukimbia, hakuna kugongana. Tumeshinda, tunalinda tulicho nacho. Nikifika hapo naita 'Riikka', na mechi inakwisha."

"Na mimi nakuwa wapi?"

"Wewe unageuza soseji." Akajikuna sikio. "Halafu, timu yenyewe unaijua. Hauitwi mara nyingi."

Alitaka kununa. Alijitahidi hasa, akabana midomo, akageukia ziwani. Mabega yakamsaliti, yakaanza kutikisika, na Kiharage, yaani Helka, aliposikia kicheko cha mama yake, akajinyoosha mikononi mwa Lonnie kukitafuta kinakotoka.

"Msimu ujao," Riikka alisema alipoweza kusema, "soseji atageuza mtu mwingine."