Hajji Mufaddi Alipoambiwa Anywe

Gari lilishaanza kuteremka mlima, wanaume saba tumebanana ndani, na Wadha bado anatufuata barabarani na kiatu kimoja mguuni.

"Hajji! Mimi nampigia mwenye lori la maji, umesikia? Msinirudie hapa na maneno matupu!"

"Kabla ya kuvuta maji, anza na kuvuta ulimi wako," Hajji Mufaddi akasema, ila chini chini, maana mke huyo wa marehemu mwanawe tunamwogopa sote.

Tulikuwa tunakwenda Bethlehemu kumwona Mmarekani. Siku sita nyuma wanajeshi wa Israeli walikuja kijijini kwetu Khirbet Sidra wakaacha karatasi mdomoni mwa kisima, wameikandamiza kwa jiwe kama waliona haya kuitia mkononi mwa mtu. Kisima kimejengwa bila kibali, kitabomolewa, siku kumi na nne. Kisima chenyewe kilichongwa mwambani na babu yake Hajji, kabla huyo anayetoa vibali hajazaliwa. Ndicho kinachomeza mvua ya majira ya baridi na kutunyweshea kondoo mpaka mvua nyingine. Bila kisima hakuna kondoo, na bila kondoo hakuna Khirbet Sidra. Walowezi walioko kilima cha pili wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Wadha alikuwa na shauri lake: tuvute maji yote kwa malori, tuyapeleke mjini Yatta kwa kaka zake, kondoo wafuate, halafu wabomoe shimo tupu. Hajji alikuwa na lake: twende kwa mkubwa, tuombe kama watu.

Kwetu, ombi zito huendi nalo peke yako. Unakwenda na wazee. Mwenye nyumba anamimina kahawa, mkubwa wa msafara anaweka kikombe chini, hakigusi. Atakaa hivyo hata kahawa ipoe iwe kama maji ya mtaro. Mwenye nyumba akisema kunywa, amekubali, na neno hilo halirudi. Nimeona kisasi cha miaka tisa kikizimwa kwa kikombe kimoja.

Mimi Jadallah nilichukuliwa kwa sababu ya Kiingereza, nilichokiokota jikoni mwa hoteli moja Houston, nikiosha masufuria miaka minne.

Mmarekani aliitwa Whitcomb, mtu wa ubalozi wao. Alitupokea kwenye chumba cha hoteli, mtu mrefu, mpole, daftari mkononi. Hagit alikuwa ameshafika. Huyu ni wakili, Mwisraeli, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupasua mbao, aliyetutetea mahakamani akashindwa.

Kahawa ikaja. Hajji akaweka kikombe chake mezani, na sisi sita tukaweka vyetu.

"Mwambie," Hajji akaniambia, "saruji ya kutengenezea kisima walitupatia Wamarekani wenyewe. Kibati chenye jina lao kipo pale mpaka leo. Wanaokuja kubomoa ni rafiki zao, na tingatinga ni la kwao. Simwombi zawadi nyingine. Namwomba azuie."

Nikasema yote. Kisha nikamweleza habari ya kikombe. Nilimwambia, "Bwana, sikiliza vizuri kabla hujafungua mdomo. Ukimwambia anywe, umempa."

Akatabasamu. "Desturi nzuri sana," akasema, akaandika.

"Usiandike, jibu!" Hagit akamrukia. "Na usiniambie mtaeleza wasiwasi. Miaka thelathini mnaeleza wasiwasi, na shehena za silaha zinashuka vilevile. Jaribuni mara moja tu kutuambia sisi Waisraeli: hakishuki kitu mpaka muache. Wanangu wote wawili wamelinda matingatinga haya jeshini, bwana. Mnatulipia hii kazi, halafu mnaiita urafiki!"

"Mama, sera haitungwi katika chumba hiki."

"Inatungwa wapi? Nipe anwani, niende na hawa wazee."

Whitcomb akatazama saa. Akamtazama Hajji, akatazama vikombe saba.

"Mwambie anywe," akasema. "Nitalishughulikia mimi mwenyewe."

"Umeelewa nilichokueleza?"

"Nimeelewa. Anywe."

Nikatafsiri, na hapo ndipo kosa langu. Bosi wa Houston alikuwa akiniambia maneno hayo hayo kuhusu karatasi zangu za ukaazi, miaka minne, mpaka siku waliyonipandisha ndege kunirudisha kwetu. Nilijua maneno hayo yana uzito gani kinywani mwa Mmarekani anayetazama saa. Ningemwambia Hajji. Lakini Hajji alikuwa ameshakunywa, macho yamemlowa, na wale wengine wanakunywa, nikanywa na mimi.

Tuliporudi tulikuta lori la maji limeegeshwa kisimani, mpira umeshatumbukizwa, Wadha amesimama juu ya mashine.

"Toa mpira," Hajji akamwambia dereva.

"Usitoe!" Wadha akasema. "Hajji, umepewa karatasi?"

"Nimepewa neno. Nimeambiwa ninywe."

"Umekunywa kahawa ya watu, basi ndiyo kwisha? Wangekupa na keki ungewapa kondoo?"

"Nyamaza, binti! Nikivuta maji leo nimemwita yule mtu muongo. Ameniambia ninywe mbele ya watu sita! Mimi simvui mtu heshima mlangoni kwangu."

"Ami Jadallah," Wadha akanigeukia, "wewe umekaa kwao. Sema."

Nikatazama chini. Dereva akakunja mpira wake akaondoka. Siku saba zilizofuata Hajji alikataa hata kondoo kuhamishwa.

Siku ya nane wanajeshi walikuja asubuhi, tingatinga na magari manne. Nilimpigia Whitcomb huku vumbi linaniingia mdomoni.

"Tumeeleza wasiwasi wetu mkubwa, ngazi za juu kabisa," akasema. "Nasikitika sana."

"Ulimwambia anywe!"

"Nilifanya kila lililo ndani ya uwezo wangu."

Hajji akanivuta mkono. "Anasemaje?"

"Anasema wana wasiwasi."

"Wasiwasi? Kwani mimi ndiye niliyekwenda kumtibu?"

Hagit alisimama mbele ya tingatinga na karatasi ya rufaa juu ya kichwa. Askari mmoja, kijana mwenye chunusi, akamwambia arudi kwao. "Hapa umenikuta!" Hagit akamjibu, nao wakambeba wawili, mmoja kila kwapa, wakamweka kando. Tingatinga likasukuma mwamba na udongo ndani ya kisima. Maji yalipanda, yakafurika na matope, yakashuka bondeni, kondoo wakayakimbilia wakilia.

Watu huniambia Wamarekani hawajui. Upuuzi. Nilimweleza kwa Kiingereza, akaandika. Wanajua kisima kilipo, saruji yao imo ndani. Wanajua pia nani anakivunja, kwa sababu wanamlipia. Wanachotaka ni kulipia vyote viwili na bado wakaribishwe kote kwa kahawa. Mimi sitaki watupende. Sitaki saruji yao, wala masikitiko yao. Wafunge mkono ule mwingine. Wangeufunga siku moja tu, Hagit asingehitaji kubebwa na watoto wa rika la wanawe. Na wasiulize kwa nini hakuna tena anayesadiki neno lao huku milimani. Mtu wa mwisho aliyelisadiki nilimtafsiria mimi.

Wadha hakumtukana Hajji. Alimshika mkono, akampandisha mbele kwenye gari la kondoo.

Kondoo tisini na watatu walikufa au kuuzwa kabla ya mvua. Hajji Mufaddi alifariki Yatta mwezi wa pili, chumba cha nyuma kwa kaka zake Wadha. Wadha anauza jibini sokoni na ana mbuzi kumi na mmoja. Wale wazee watano, wawili wako Jordan, mmoja amepooza, wawili sijui waliko. Hagit ameshindwa kesi nyingine tatu na anaandaa ya nne. Mkubwa wa wanawe yuko Berlin na harudi. Whitcomb amehamishiwa nchi nyingine, kwa cheo cha juu zaidi. Mimi niko Karak, huko huko Jordan, kwa mpwa wangu. Khirbet Sidra hakai mtu.