Mikwaruzo Chini ya Maji

Mtaalamu wa maji alipopewa kazi ya kupima mfereji mkuu, hakumwambia bosi wake kwamba ndimo alimozama dada yake. Watu walisema alijitupa. Mama yao aliukubali uvumi huo kwa shingo upande.

Kazi ilikuwa kuteremsha kipimo mpaka karibu kabisa na ukuta, pale maji yanapojisokota na kusuasua. Kila sehemu ilikuwa na kasi yake, namba zikawa vurugu tupu. Lakini alipogawa kila kasi kwa msuguano wa ukuta wake, na umbali akaupima kwa unene wa utando wa maji unaoganda ukutani, mistari ya sehemu zote aliyoichora ililaliana ikawa mmoja.

Isipokuwa ule wa chini ya daraja, alikozama dada. Huo ulishuka chini ya wenzake.

"Kifaa hicho kimechoka," alisema bosi.

Akapima upya. Ukashuka vilevile. Mstari ukishuka hivyo, ukuta una makovu; na huo ulipigwa lipu laini kama kuta nyingine.

"Funga maji," alimwambia mlinzi wa lango.

"Wakulima watanila nyama!"

"Waambie mimi ndiye niliyeagiza."

Mfereji ulipokauka, akashuka kwa kamba. Lipu ilikuwa imekwaruzwa kutoka chini kwenda juu, mkwaruzo juu ya mkwaruzo, na maji yalikuwa yameipanua mikwaruzo yote ikawa mifereji midogo. Katika mmoja kilikuwa kimekwama kipande cha ufunguo wa nyumba yao.

Akampelekea mama.

"Hakujitupa, mama. Alipambana atoke."

Mama akakigeuzageuza mkononi. Mwanawe alidhani atashusha pumzi.

"Kwa hiyo aliita," akasema mama. "Aliita, na sisi tumekaa hapa tunakula."

Wiki hiyo mtaalamu alisimamia mafundi wakifunga ngazi za chuma kandokando ya mfereji. Walipotaka kuziba mikwaruzo, mama, aliyekuja kutazama, akawakatalia katakata. Wakaiacha.

Lango likafunguliwa. Maji yakaja yakivuma, yakaupita ukuta ule. Mama akainama juu ya ukingo wa daraja.

"Unamsikia?"

Mtaalamu alijua ni maji tu. Akamshika mama mkono, lakini hakuthubutu kusema hapana.