Siku Kumi na Nne Bila Dawa

"Kuanzia leo asinywe dawa yoyote," alisema Bwana Namakhwa, tabibu wa mifupa. "Siku kumi na nne. Hata ile ya kichwa ya dukani, mniulize kwanza."

Mama alimtazama kama mtu aliyetukanwa na mgeni. Mimi nilitazama mguu wa kaka yangu Lameki. Miezi minane nyuma alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli barabara ya Zomba, lori likamkwangua akavunjika muundi. Mfupa uliunga, lakini chini ya goti pakabaki tundu dogo kama kitovu, likitoa usaha kila siku. Kila zahanati tuliyopita ilitupa vidonge vya rangi mbili. Usaha ulikauka wiki moja, ukarudi.

"Wadudu waliomo kwenye mfupa wameshazizoea dawa mlizompa," tabibu alisema. "Sijui ipi inawaua. Nitakata kipande cha mfupa, maabara wawaoteshe hao wadudu, waone dawa gani inawamaliza. Lakini wadudu waliolewa dawa hawaoti. Ndiyo maana nataka mwili uwe mtupu kwanza."

"Mnaotesha wadudu wa mwanangu kama miche ya tumbaku," mama alisema.

"Ndivyo hasa, mama."

"Na wasipoota?" niliuliza.

Alifunga faili. "Wasipoota na usaha ukaendelea, nitamwita mjomba wenu."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Kwetu mguu haukatwi mpaka kaka wa mama aweke dole gumba kwenye karatasi. Lameki ana miaka ishirini na sita, na kazi yote anayoijua ni ya miguu.

Sisi wauguzaji tulikuwa na banda letu nyuma ya wodi, tunapika humo na kulala humo. Mai Thauzeni, ambaye mumewe alikuwa kitanda cha jirani, alimwambia mama jikoni, "Kwetu wakikata dawa ujue wanakuambia utafute gari la kumrudisha nyumbani."

"Koma, Mai Thauzeni."

"Nimekoma. Ila yule wa kitanda cha nne alikatiwa dawa Jumatatu, Jumatano tukaimba za mazishi."

Mama aliendelea kukoroga nsima, ugali wetu, mpaka ikashika chini ya sufuria.

Wiki ya kwanza usaha uliongezeka. Sista alipofungua bendeji Lameki aligeukia ukuta kwa aibu ya harufu, na siku ya saba nilimwona mabega yanatikisika. Siku ya tisa usaha ukapungua. Siku ya kumi na moja bendeji ilitoka kavu. Wodi nzima ilifurahi.

"Unaona, dada?" Lameki aliniambia. "Mguu umesikia unataka kukatwa, umeshika adabu."

Nilicheka naye. Lakini kidonda kile nilikisafisha mimi miezi yote minane, na hata siku moja hakikuwahi kukauka bila dawa. Nikaanza kutazama. Niliona kwamba kila asubuhi kabla ya uji mama ananituma maji, na ndoo bado ina nusu. Bombani kuna foleni, ukienda hurudi upesi.

Siku ya kumi na nne nilibeba ndoo, nikaiweka chini nje ya mlango, nikarudi. Mama alikuwa ameinama juu ya mguu. Aliinua bendeji pembeni kwa ukucha, akavunja kidonge cha rangi mbili kama anayemenya karanga, unga ukadondoka kwenye tundu. Lameki alikuwa ametazama ukutani, akidhani ananyooshewa bendeji tu.

Nilimsubiri mama kwenye makaro ya kufulia.

"Mama, unamwekea dawa."

Aliendelea kusugua shuka. "Hajanywa."

"Walisema..."

"Walisema asinywe. Mdomoni mwake hakijapita kitu. Nimeweka juu, kama unavyotia chumvi."

"Tangu lini?"

"Tangu alivyolia."

"Kesho wanakata mfupa. Wadudu hawataota, mama. Wataona hamna kitu, halafu atakuja mjomba na dole gumba lake."

"Na wewe ukisema, wanaanza kuhesabu moja. Siku kumi na nne nyingine mtoto hana kitu mwilini. Akishikwa na homa humo katikati, utampa nani pole, mimi au kaburi?" Aliikamua shuka mpaka tone la mwisho. "Nimezaa sita, Esinati. Mmebaki wawili. Sasa nenda kamwambie huyo daktari wako."

Sikwenda. Siku ile yote sikwenda. Nilimpelekea Lameki nsima na samaki wadogo, nikamtazama anavyokula, nikakusanya vyombo.

Asubuhi ya Alhamisi walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu.

"Hili gauni halina mgongo," alisema. "Mchumba wangu akipita hapa, mwambieni mimi ni mtu mwingine."

"Mchumba yupi?" mama alisema. "Yule aliyekimbia harufu?"

"Huyohuyo. Atarudi."

Mama alishika chuma cha kitanda upande mmoja, mimi upande wa pili. Hakuwa ananitazama machoni. Alitazama mdomo wangu. Tulipita stoo, tukapita chumba cha plasta, gurudumu moja likilia njia nzima. Niliwaza, nikinyamaza atatoka mle ndani akicheka, na mama atanipenda, na siku kumi hivi hakuna atakayejua. Niliwaza pia homa. Watu wanafikiri anayenyamaza hana la kusema. Mimi nilikuwa nayo mawili, na yote yanaua.

Bwana Namakhwa alikuwa mlangoni na kofia yake ya kijani. "Hajala? Hajanywa dawa?"

"Hajanywa," mama alisema, na haukuwa uongo.

Mlango ulishafunguliwa. Magurudumu ya mbele yalishavuka.

"Hajanywa," nikasema. "Lakini ipo kwenye kidonda. Unga wa vidonge, wiki nzima sasa."

Mama aliachia chuma. Lameki akainua kichwa. "Nani kaweka?"

Alimtazama mama, akapata jibu. Akarudisha kichwa chini taratibu.

Tabibu alivua kofia, akasimama nayo mkononi. "Nilisema asinywe," alisema, kama anayeongea peke yake. "Ningesema isimguse." Kisha akawaambia wabebaji, "Mrudisheni. Tunaanza moja."

Mjomba Beluwa, aliyeitwa na mama, alifika Jumamosi. Alimsikiliza mama kwanza, mimi baadaye.

"Wewe ndiye uliyemchongea mama yako mbele ya watu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kijana akifa, usije kwangu na maneno."

"Sawa, mjomba."

Homa ilikuja siku ya sita. Kufika saa sita mchana Lameki alikuwa anatetemeka na kuita abiria, "Panda, panda, tunaondoka." Bwana Namakhwa aliweka sindano tayari kwenye trei.

"Ikifika arobaini nampa," alisema. "Na hapo kipimo cha mfupa tumekipoteza."

Mama alikaa upande wake na kitambaa chake, mimi upande wangu na changu, beseni katikati. Sista alipima: thelathini na tisa nukta nne. Akapima tena: nukta saba. Nusu saa baadaye, nukta saba ileile. Mai Thauzeni, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alikuwa anatubadilishia maji kimya. Mkono wa mama na wangu iligongana kwenye beseni mara nyingi, na kila mara aliutoa wake. Saa kumi sista alitazama kipimajoto, akakitikisa, akakirudisha kwapani. Nukta moja, inashuka. Tabibu alifunika trei akaondoka.

Siku kumi na nne zilitimia, mama akizungumza nami kupitia Lameki tu. Mfupa ukakatwa. Baada ya siku sita karatasi ilirudi kutoka maabara: wadudu wameota.

Ilikuwa na majina kumi na moja ya dawa. Majina sikuyaweza, herufi za mbele yake niliziweza. R, alisema tabibu, ni dawa iliyoshindwa. Ya kwanza ilikuwa ile ya rangi mbili. R. Nikashuka na kidole. R, R, R. Ya tisa nayo, R. Ya kumi ilikuwa na S.

"Hiyo ndiyo inayowaua," alisema. "Ni ya mshipani, wiki sita, na nitarudi kuukwangua mfupa uliokufa. Siwaahidi kitu. Ila mjomba abaki shambani kwake kwanza."

Sista aliukosa mshipa wa Lameki mara mbili, mara ya tatu akaupata. Dripu ikaanza kudondoka. Lameki aliitazama, kisha akamtazama mama, kisha mimi. "Mtanisemesha kwa zamu mpaka lini?" alisema. "Nimechoka kuwa mkalimani."

Mama alimvuta shuka hadi kifuani, mgongo umenielekea bado. Nilichukua ndoo, ambayo safari hii ilikuwa tupu kweli, nikaenda kupanga foleni.