Kinguzo cha Tano

Begi lilikuwa mlangoni tangu asubuhi. Jeusi, zipu imefungwa hadi mwisho. Kila nilipotoka kwenda kwenye karakana yangu uani ilibidi niliruke.

Lilikuwa la binti yangu. Mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, mbele ya kompyuta aliyoiunga kwa mkono wake, na kompyuta ilikuwa imegoma.

Ingekuwa haiwaki kabisa ningejua la kusema. Ilikuwa inawaka, feni inazunguka, maandishi meupe yanatokea kwenye skrini, moyo wangu unapanda, halafu tap! Giza. Inakaa kidogo kama inafikiri, kisha inajiwasha yenyewe bila mtu kuigusa. Maandishi. Tap. Giza. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimezeeka na umeme mkononi, lakini kitu kinachojizima na kujiwasha chenyewe kinanitisha.

"Imepandisha mashetani hiyo," mke wangu alisema kutoka jikoni.

"Mama, tafadhali."

"Nasema tu. Baba yako naye hapo kasimama kama mganga aliyesahau dawa."

Siku nyingine tungecheka.

Alasiri ile binti alikuwa na jaribio la kazi. Kampuni ya kuchora ramani za majengo ilimwambia aingie mtandaoni na kompyuta yake, achore huku wanamtazama. Akifaulu, angefanya kazi akiwa hapa hapa nyumbani. Kompyuta za kukodi kule barabarani hazibebi programu ile, alishajaribu, zikakwama. Ndiyo maana alitafuta vipande vilivyotumika, kimoja leo kimoja kesho, akaviunga.

Na akikosa? Alishatuambia wazi mezani. "Nikikosa hii narudi kwake. Siwezi kukaa hapa nikawa mtoto tena."

Kwake, maana yake kwa mumewe. Yule aliyeipigiza ukutani kompyuta yake ya kwanza, kisha akamvunja kifundo cha mkono wa kushoto. Siku binti aliporudi kwetu ni mimi niliyemfungulia geti, nikauona ule mkono. Sasa umeunga, lakini umeunga vibaya. Haukazi hata kifuniko cha chupa. Na jana huyo bwana alipiga simu, sauti laini kama ya mtu anayekuja kuposa. Amebadilika, alisema. Anakuja leo jioni, mizigo iwe tayari. Nilitaka kumnyang'anya binti simu. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Ukifoka ataondoka leo leo," aliniambia baadaye. "Yule ni wewe mtupu. Ukimsukuma kushoto, anakwenda kulia."

Basi nikafunga mdomo. Kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi kuliko kubeba chuma.

Sanduku la ile kompyuta nililitengeneza mimi, kwa bamba la chuma nililokuwa nalo uani. Fundi viatu, jirani yangu, aliponiona nikiliingiza ndani aliniuliza, "Mzee Cheche, hiyo kompyuta au kasha la benki?" Nikamjibu kwamba mwizi akija kuiiba atatuamsha tumsaidie kubeba. Binti alikuwa amenichorea mahali pa kuweka vinguzo, vifupi kama kucha, vinne, kila pembe kimoja. "Bodi isiguse chuma, Baba," alisema. Bodi ndilo lile bamba la kijani linalobeba kila kitu. "Inakaa juu ya vinguzo, hewa inapita chini yake." Nilifuata mchoro wake, na penye udhaifu nikaongeza nguvu, kama ninavyofanya kwenye kila geti.

"Sasa tunafanyaje?" nilimuuliza.

"Tunaondoa kimoja kimoja mpaka tumpate mchawi."

Alianza na ramu, kile kijibamba chembamba cha kumbukumbu. Alikichomoa, akasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akanipa nikirudishe, maana mkono wake wa kushoto haukuweza kushika upande wa pili.

"Bonyeza. Kwa nguvu. Usiogope."

"Naogopa."

"Hata mimi. Bonyeza."

Nilibonyeza. Bodi ilibonyea kidogo, ramu ikaingia. Tukawasha. Safari hii hata maandishi hayakutokea. Feni ilizunguka nusu ya mzunguko ikafa.

"Umeivunja?" mke wangu aliuliza. Alikuwa ameacha vyombo, amesimama mlangoni pembeni ya begi, mikono ina povu.

"Hajaivunja, Mama." Lakini sauti ya binti ilikuwa imepanda, na alitazama saa ya ukutani.

Akaondoa diski. Vile vile. Akachomoa boksi la umeme, akaweka jingine aliloazimwa na fundi redio. Vile vile, ila sasa ilirudi kwenye mchezo wake wa mwanzo: maandishi, tap, giza. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Nilikuwa nimeinama karibu naye, na hapo nikasikia harufu. Hafifu sana, lakini anayechomelea hapotezi harufu hiyo. Kitu kinaanza kuungua.

"Zima!" nilifoka. "Zima, toa mkono!"

Niling'oa waya ukutani.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa ameuinua ule mkono mbovu, amefunika uso.

Povu lilidondoka kutoka mikononi mwa mke wangu. Binti aliushusha mkono polepole, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, na mimi nikapiga magoti pale sakafuni mbele yake. Katika maisha yangu nimeona mtu akidondoka kutoka ghorofani. Sikuogopa hivi.

"Ni harufu," nilisema. "Nilisikia harufu, mwanangu. Si wewe."

"Najua, Baba."

Akavuta pumzi. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tuitoe yote nje ya sanduku."

Tulifungua skrubu nne, tukaitoa bodi, tukailaza juu ya boksi la karatasi ngumu, uchi, na nyaya zake zimetapakaa kama matumbo. Nilisema kwamba haina hata kitufe cha kuwashia, kitufe kiko kwenye sanduku. Akachukua bisibisi. Kwa ncha yake akagusanisha visindano viwili pembeni mwa bodi. Nilifumba macho.

Feni ilizunguka. Nikafumbua. Maandishi meupe. Nilisubiri tap. Haikuja. Maandishi yakaondoka, picha ikajaa kwenye skrini, ya bluu, imetulia.

"Imekaa?" mke wangu alinong'ona.

"Imekaa." Binti alizima, akawasha tena kwa ncha ya bisibisi. Ikakaa. "Basi bodi ni nzima. Ramu nzima. Ugonjwa uko kwenye sanduku."

Nililivuta sanduku hadi dirishani. Ndani kulikuwa na vinguzo vyangu, kila pembe kimoja. Na katikati kulikuwa na kingine, cha tano, nilichokichomelea mwenyewe na kukisugua kikang'aa. Kichwani pake kulikuwa na mkwaruzo mpya na doa jeusi dogo kama chembe ya pilipili.

Ningeweza kunyamaza. Ningekwenda nacho uani nikakikata, nikasema nimerekebisha.

"Ni mimi," nilisema.

"Nini?"

"Hiki cha katikati. Hukukichora. Nilikiongeza."

Alikuja akachungulia. "Kwa nini, Baba?"

"Bodi ilikuwa inaning'inia katikati. Nikaona itapinda."

"Inaruhusiwa kuning'inia," alisema. "Chini yake pamejaa risasi ya kuungia, haina hata rangi ya kuikinga. Kila ikibonyea inakalia kinguzo chako, inapiga shoti." Alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile mdomo wake ukacheza. "Umeniwekea mguu wa geti ndani ya kompyuta."

"Nikikate sasa hivi?"

Alitazama saa. "Hakuna muda. Nitafanya hivi hivi, ikiwa uchi. Mtu asiwashe kitu chochote humu ndani. Pasi, grainda, chochote. Umeme ukikatika nimekwisha."

Akafunga mlango wa sebule.

Nilibeba sanduku hadi uani, nikaliweka juu ya meza ya kazi. Kwa grainda kile kinguzo kingeondoka kwa pumzi moja. Nilichukua tupa, nikaanza kukisugua kwa mkono, taratibu, kama mwizi. Kila baada ya kusugua kidogo nilisimama nikasikiliza dirisha. Niliisikia sauti yake, kisha sauti ya mwanamume ndani ya mashine, kisha kimya. Kimya kile kilikuwa kibaya. Nilikuwa nasubiri ile tap.

Nilichosikia ni geti.

"Shikamoo, mzee."

Sikumwitikia. Alikuwa amenyoa vizuri, shati limepigwa pasi, na mikono yake mikubwa ilining'inia wazi. Niliitazama mikono ile. Mimi mgongo umekwisha, yeye ni kijana.

"Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Yuko kazini," nilisema, chini chini. Ningefoka, wale wanaomtazama wangesikia.

"Kazini wapi?"

"Sebuleni."

Alicheka. "Begi lake naliona pale mlangoni." Akajaza kifua hewa ili amwite.

Mke wangu akatokea jikoni na kiti mkono mmoja na beseni la maji ya vyombo mkono mwingine. "Karibu, mkwe wangu, keti," alisema kwa upole. "Lakini ukipaza sauti kwenye uwanja huu, na shati lako hilo zuri, maji haya yote ni yako."

Alimtazama. Alilitazama beseni. Akakaa.

Tukakaa hivyo, yeye anatikisa goti, mke wangu na beseni lake, mimi na tupa. Tupa iliruka mara mbili ikanichuna kidole.

Mlango wa sebule ulifunguka. Nilimsoma uso, nikashindwa.

"Vipi?" mama yake aliuliza.

"Nimemaliza. Haikuzima. Wamesema watanipigia."

Watanipigia. Nimewahi kuambiwa hivyo mara nyingi na watu ambao hawakupiga.

Mumewe alishasimama. Alipita karibu naye, akainama, akanyanyua begi. "Haya, mama. Hujapata. Twende zetu nyumbani."

Maneno yalijaa kinywani mwangu hadi yakaniuma meno. Mke wangu alinitazama. Nikayameza.

Binti alilitazama begi kwenye mkono ule. Kisha akaja mezani kwangu.

"Umekimaliza?"

"Nusu."

Akaitwaa tupa mikononi mwangu. Mkono wa kulia ukashika, na wa kushoto, usioweza kukaza, akaulaza juu ya tupa akaukandamiza kwa uzito wa bega. Akaanza kusugua.

"Weka begi chini," alimwambia bila kugeuka.

"Wakikukataa je?"

"Nitatafuta wengine. Mashine ninayo."

"Mzee," alinigeukia mimi, "mwambie mwanao."

Nilikohoa. "Sukuma mbele tu, mama," nilimwambia binti. "Usiivute tupa kurudi nyuma, meno yake yanakufa."

Sauti ya tupa iliendelea. Kisha begi likaanguka chini, na nikasikia hatua za mumewe, na geti likapigizwa hadi bawaba zikalia.

Nilikwenda nikatia komeo. Nikafika katikati ya uwanja, nikarudi kulijaribu tena. Mtu yule anaijua njia.

Niliporudi mezani, binti alipuliza unga wa chuma, akapitisha kidole pale palipokuwa na kinguzo.

"Bado kinakwaruza," alisema, akaendelea.